Dakika Kumi na Tisa

Viatu vyangu vya zamani vimenikataa.
Mimba ilipanua hata nyayo,
na hakuna mkunga aliyenionya kuhusu nyayo.
Nimevaa vya baba yako, aliye zamu kisiwani,
soksi mbili mbili, kamba nimezizungusha kifundoni.

Umeshiba titi la kushoto saa tatu kasoro usiku
na nje bado kweupe.
Huku Punta Arenas, mwezi wa Desemba,
jua halina adabu ya kulala mapema.
Nawe umelirithi.

Bibi yako Zunilda amekupakata.
"Mzazi mwili wake uko wazi," anasema.
"Upepo utakuingia mifupani, ukae humo mpaka uzeeni."
Arobaini yangu iliisha zamani, namwambia.
Anahesabu kwa vidole, hakubali,
lakini mkono wake tayari unakupigapiga mgongo
na kidevu chake kinanionyesha mlango.

Sijawahi kuwa mkimbiaji.
Shuleni nilikuwa yule anayeshika makoti ya wenzake.
Ila mwezi uliopita, saa tisa za usiku,
umenilalia kifuani kama mfuko wa unga wenye joto,
nilijisikia nikisema kwa sauti: nataka kukimbia.
Nikashtuka.
Sikusema kukimbia wapi.
Sikusema kukimbia nini.
Nikaona heri nianze na miguu
kabla neno halijapata maana nyingine.

Mwanzoni upepo uko mgongoni,
nami najidanganya kuwa ni mimi.
Nguzo ya taa, nguzo ya taa,
duka la Drpić limefungwa,
mbwa wa mtu ananitazama kwa huruma.
Dakika ya nne mshono unajikumbusha;
si maumivu, ni kama mtu anavuta zipu kutoka ndani.
Dakika ya tano, kikohozi kidogo,
na chupi inalowa.
Haya, niseme: nimejikojolea, Amaro.
Leo mimi na wewe tuko daraja moja.
Hakuna aliyeona ila minandi
waliojipanga juu ya magogo ya gati bovu
kama kamati isiyo na ajenda.

Kwenye kona ya uwanja nikageuka
na upepo ukanikuta uso kwa uso.
Huu si wa kukausha nepi.
Huu manispaa huufungia kamba barabarani
ili watu wazima wavuke wakiwa wima.
Nilikimbia nikabaki palepale.
Naapa: miguu inakwenda, nguzo haisogei.
Nikaishika kamba.
Upande wa pili alikuwa ameishika mama mmoja
mwenye sare ya hospitali, mkate kwapani.
Akatazama kifua changu, duara mbili za unyevu.
"Ana miezi mingapi?" akapaza sauti.
Minne!
"Wangu ana miaka thelathini. Yuko Antofagasta.
Hapigi simu."
Akaachia kamba, akaenda zake,
mkate ukiwa umepinda.

Maziwa yalikuwa yameshuka yenyewe,
pande zote mbili, bila kuniuliza,
ndipo nikajua umeamka, unalia, umekuwa mwekundu.
Nikainamisha kichwa kama ng'ombe
nikausukuma ule upepo hatua kwa hatua,
na lile neno la saa tisa za usiku
likaota silabi moja tumboni:
kukimbilia.

Nikafungua mlango nikihema.
Ulikuwa umelala.
Hukuamka hata mara moja, alisema Zunilda,
hukukunja hata uso.

Kwa hiyo maziwa yalidanganya.
Sijui niyaweke wapi hayo.
Nikakaa kizingitini kuvua viatu,
magoti yakitetemeka kama mashine ya kufulia,
saa ukutani ikisema dakika kumi na tisa
na mimi nikiona kama nimetoka nchi nyingine.

Bibi yako akakiokota kiatu kimoja.
Akakigeuza, akakung'uta changarawe,
akakiegesha karibu na jiko kikauke.
Akakifuata na cha pili.
"Kesho," akasema, bila kunitazama,
"vaa kofia."